Sura ya Nne: Maneno Kumi na Mawili

Saa tano asubuhi ya Alhamisi, Mkaguzi Akumu Ogweno alivua saa yake ya mkononi akailaza mezani, kama alivyozoea kila alipokuwa na mtu mahabusu. Justa, katibu wa kikundi cha wauza dagaa, alikamatwa saa tatu. Kesho saa tatu angepandishwa gari kwenda mahakamani, na kwa kiasi kilichoandikwa kwenye jalada, shilingi milioni arobaini, asingepata wa kumdhamini. Angekwenda rumande. Princess, mtoto wake, naye angekwenda, maana alikuwa na miezi minne na hakuwa na chakula kingine duniani zaidi ya mama yake.

Kilio cha mtoto huyo kilikuwa kinapenya ukutani.

"Tuanze upya, Bi Mwanaharusi," Akumu alisema.

"Afande, nimeshasema mara tatu. Kasuku angekuwa ameshajifunza."

"Sema ya nne. Huenda kasuku ndiye mimi."

Bi Mwanaharusi alikuwa mwenyekiti wa Tujikaze, kikundi cha wanawake kumi na wanne wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ndiye aliyeleta malalamiko. Alikuja na mtandio uliopigwa pasi na bahasha mkononi, akaketi kama mtu aliyeitwa kupokea cheti.

"Miaka mitatu iliyopita tulichanga laki sita sita," alisema. "Yule fundi wa kompyuta wa Mabatini, Faisal, akatuambia fedha ikilala inaota ukungu, nunueni bitikoini. Tukanunua, siku moja, mara moja. Ikapanda, ikashuka, sisi kimya. Mwaka huu ikafika milioni arobaini na tano. Wiki iliyopita tukasema tutoe milioni tano tu, tutengeneze vichanja vya kuanikia dagaa, maana mchanga unatuharibia bei. Katibu wetu Justa akatuma hiyo milioni tano. Na hii ndiyo karatasi ya Jumamosi."

Akumu alikuwa ameshaiona. Ilichapwa kutoka kwenye programu ya kutunzia hesabu za nyumbani, ambayo kikundi kiliiweka kwenye laptopu yao ili kila mali ionekane mahali pamoja. Ilikuwa na mistari minne: Benki. Simu. Sanduku. Bitikoini. Mbele ya mstari wa nne palikuwa na sifuri.

"Bitikoini yenyewe ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwenye simu ya Justa. Laptopu ilikuwa inasoma tu."

"Na simu iko wapi?"

"Ziwani." Bi Mwanaharusi alifumbata mikono. "Jumatano ametuma ya vichanja. Ijumaa simu ikadumbukia gatini. Jumamosi kikao, bitikoini sifuri. Wewe ungesemaje, afande? Ziwa lilikuwa linamvizia?"

"Jumamosi nani alifungua laptopu?"

"Yeye."

"Nani alisoma?"

"Yeye. Benki kadhaa, simu kadhaa, sanduku kadhaa, bitikoini..." Alirekebisha mtandio. "Bitikoini sifuri. Alisoma kwa mdomo wake mwenyewe."

"Hakusema laptopu haina chaji? Hakusema mtandao umekatika?"

"Hakusema. Alinyamaza tu kama aliyemwagiwa maji."

Akumu aliandika kwenye daftari lake: *Mwizi alijisomea wizi wake?* Akapiga mstari chini yake.

Lakini ushahidi uliomfanya asaini hati ya kumkamata Justa haukuwa karatasi ile. Daftari la bitikoini liko wazi mtandaoni. Mwenye anwani yoyote ataona kilichoingia na kilichotoka, ila jina la mtu halioni. Asubuhi ile Akumu alikuwa ameifungua anwani ya Tujikaze. Jumatano, saa nane na dakika kumi na nne mchana, bitikoini yote iliyokuwamo, sifuri nukta moja nane, iliondoka kwa muamala mmoja. Sifuri nukta sifuri mbili ilikwenda anwani moja. Hiyo ndiyo milioni tano ya vichanja. Makato kidogo yalikwenda kwa wenye mitambo ya kuhakiki miamala. Iliyobaki, sifuri nukta moja tano tisa tisa, ilikwenda anwani ya pili ambayo haijawahi kutumika na mtu yeyote tangu dunia iumbwe. Milioni arobaini, sekunde ileile.

Ilionekana wazi. Malipo ya vichanja yalikuwa shuka, na chini ya shuka mtu amebebwa.

Akumu alienda kumwona Justa.

Alimkuta kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mtoto kifuani amefunikwa khanga, na Koplo Queen amesimama mlangoni akijifanya haangalii.

"Jumatano ulituma mara ngapi?"

"Mara moja, afande."

"Uliandika kiasi gani?"

"Sifuri nukta sifuri mbili."

"Na hii moja tano tisa tisa?"

"Siijui. Niliandika kiasi kimoja, nikabonyeza mara moja. Mwenyekiti alikuwa amesimama begani kwangu, anatafuna karanga."

"Simu ilidumbukiaje?"

"Nilikuwa napokea ndoo kutoka kwenye boti. Simu ilikuwa hapa." Akagusa kifua. "Nilipoinama ikaenda. Watu wa pale waliniona, walinicheka." Alimhamisha mtoto upande wa pili. "Mimi nilisema si neno, laptopu inaonyesha kila kitu. Jumamosi nikafungua laptopu."

Akumu alirudi ofisini kwake.

"Bi Mwanaharusi, Jumatano ulikuwa unatafuna karanga?"

"Karanga nazo zimeibiwa?"

"Ulimwona akiandika viwango vingapi?"

"Kimoja. Sifuri sifuri mbili. Nilimwambia angalia nukta, usije ukatuma ya kujenga ghorofa."

"Akabonyeza mara ngapi?"

"Mara moja." Mwenyekiti alikunja uso. "Kwani unamtetea?"

"Nahesabu tu, mama."

Mshtaki na mtuhumiwa walikuwa wamekubaliana jambo moja: kiasi kimoja, bonyezo moja. Daftari la mtandaoni lilisema viwango viwili. Cha pili kilizaliwa na nani? Alibaki mtu mmoja aliyegusa mitambo yote, simu na laptopu pia.

Duka la Faisal, Mabatini, lilikuwa na upana wa kitanda kimoja. Nje palikuwa na pikipiki mpya, plastiki ya kiti haijabanduliwa. Akumu aliizunguka mara mbili.

"Ya lini hii?"

"Wiki iliyopita, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Ulinunua Jumatano?"

"Alhamisi." Faisal aliona macho ya mkaguzi yalikokuwa yanakwenda. "Ya mkopo! Nalipa kila siku. Hata taa ya nyuma bado si yangu."

Akatoa mkataba. Ulikuwa wa kweli, na simu moja kwa wenye pikipiki ilimaliza jambo hilo. Milioni tano ya vichanja nayo ilikuwa na stakabadhi: Faisal alipokea bitikoini, akatoa shilingi, fundi seremala akasaini. Akumu aliirudisha karatasi kwenye droo na kuketi kwenye kigoda cha wateja.

"Nani aliiunganisha laptopu ya Tujikaze na ile pochi ya bitikoini ya simuni?"

"Mimi."

"Uliipa nini laptopu?"

"Anwani ya bitikoini yao. Ile waliyopokelea."

"Pochi moja ina anwani ngapi?"

"Nyingi. Inajitengenezea yenyewe."

"Na laptopu uliipa ngapi?"

"Moja."

Fundi alishika bisibisi, akaiweka.

"Una bitikoini yako?" Akumu aliuliza.

"Kidogo. Ya majaribio."

"Tufanye majaribio basi."

Walifanya hatua kwa hatua, na Akumu akaandika kila hatua na dakika yake. Faisal alichukua anwani moja ya pochi yake, akaiingiza kwenye programu ileile kwenye kompyuta ya duka. Programu ikaonyesha salio. Kisha kwa simu akatuma kiasi kidogo sana kwenda simu ya pili iliyokuwa kabatini. Wakasubiri. Jirani alikuja kuuliza bei ya chaja, akaona gwanda la Akumu, akaghairi.

"Fungua programu sasa."

Faisal akaifungua. Sifuri.

"Na simuni?"

Aliigeuza simu amwonyeshe. Salio lilikuwapo, limepungua kile kidogo alichotuma na makato.

Kwenye daftari la mtandaoni muamala ulikuwa na viwango viwili: kile kidogo, na kingine kikubwa kilichokwenda anwani mpya ambayo haijawahi kutumika na mtu yeyote.

"Nani ameandika hicho kikubwa?"

"Hakuna." Jasho lilikuwa limemtoka Faisal juu ya mdomo. "Pochi yenyewe. Haivunji noti, afande. Inatoa noti nzima, halafu kinachobaki kinarudi mfuko mwingine wa mtu yuleyule."

"Chenji."

"Chenji. Pochi inaujua huo mfuko. Laptopu haiujui, kwa sababu mimi niliionyesha mfuko mmoja tu. Ilitakiwa niipe ufunguo mama wa pochi, iione mifuko yote."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wamekaa miaka mitatu hawatoi hata senti! Tatizo lisingeonekana. Na Jumamosi yule mama mwenyekiti alikuja na laptopu, akasema nichapie karatasi. Nilichapa." Akainamisha kichwa. "Nilichukua shilingi mia mbili, sikuangalia hata ilichoandika."

Akumu alifunga daftari lakini hakuinuka. Jaribio lilionyesha jinsi jambo lingeweza kuwa. Halikuonyesha kwamba ndivyo lilivyokuwa. Ile anwani ya pili ingeweza kuwa mfuko wa kikundi, na ingeweza pia kuwa mfuko wa Justa. Mahakamani wakili wa serikali angeuliza hilo swali kwanza, na mwenye majaribio ya dukani Mabatini angejibu nini?

"Nitajuaje hiyo chenji imerudi kwa nani?"

"Maneno," Faisal alisema. "Pochi ikizaliwa inakupa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Ukiyaingiza kwa mpangilio wake kwenye simu yoyote, pochi inafufuka na mifuko yake yote. Ile anwani ikitokea humo, ni ya kikundi. Isipotokea..."

"Nani anayo?"

"Waulize wenyewe. Siku ya kuyaandika walinitoa nje kama mwanamume kwenye chumba cha mzazi."

Saa nane kasoro Akumu alikuwa tena mbele ya Bi Mwanaharusi, safari hii na simu mpya iliyotolewa kwenye boksi mbele yake, kwa risiti, na Faisal amekaa kwenye benchi la nje.

"Maneno yapo," mwenyekiti alisema. "Tuligawana kama funguo za sanduku. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu, watunza funguo watatu, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Basi na maneno tukafanya hivyohivyo. Manne kwangu, manne kwa mweka hazina wetu Teodora, manne kwa Justa."

"Nipe manne yako."

"Sitoi."

"Mama."

"Katiba yetu, kifungu cha sita. Sanduku halifunguliwi ila kikaoni, wanachama tisa wakiwepo na watunza funguo wote watatu. Hata Rais akija, atakaa mkekani asubiri."

"Mtunza ufunguo mmoja umemweka ndani."

"Umemweka wewe, afande. Mimi nililalamika tu."

Koplo Queen alikohoa ili asicheke.

Akumu alikwenda chumba cha tatu, kwa mkuu wa upelelezi, Afande Paulo, akamweleza kwa dakika nne. Paulo alizungusha kalamu.

"Unataka kumtoa mtuhumiwa wa milioni arobaini umpeleke sokoni."

"Kuonyesha kielelezo. Sheria inaruhusu."

"Akikimbia?"

"Na mtoto kifuani, kwenye matope ya Mwaloni?"

Paulo alisaini. "Saa kumi na mbili awe hapa. Na Akumu, isipotokea hiyo anwani, usiniletee chenji tena."

Ghala la Tujikaze lilikuwa la mabati, nyuma ya mizani, na dagaa walikuwa wamerundikwa kwenye magunia hadi darini. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameshaketi. Habari Mwaloni haihitaji simu. Justa alipoingia na Koplo Queen, mazungumzo yalikatika. Mmoja alisogeza mguu kumpisha, kisha akaurudisha kama aliyekumbuka kwamba hatakiwi.

Akumu aliwaeleza kwa ufupi. Mtu amenunua kitu cha elfu mbili kwa noti ya elfu kumi. Noti nzima imeondoka mfukoni. Chenji imerudi, lakini haikurudi mfuko uleule.

"Na laptopu inachungulia mfuko wa kwanza," alisema Teodora, mwanamke mwembamba aliyekuwa na kalamu sikioni.

"Ndiyo."

"Ikaona mtupu, ikatangaza."

"Ndiyo. Hayo ndiyo ninayodhani. Leo tunahakiki."

"Na ikiwa mfuko wa pili ni wa kwake?" sauti ilitoka nyuma. Justa hakugeuka.

"Basi kesho saa tatu nitasimama mahakamani niseme hivyo."

Simu mpya iliwekwa juu ya sanduku. Wanachama wakahesabiwa, kumi na mmoja na watunza funguo watatu, kikao kikatimia. Teodora alitoa kikaratasi kwenye fundo la khanga. Bi Mwanaharusi alivua kiatu. Justa alisema ya kwake yako kichwani, anayasoma kila siku kama sala.

"Ya nani yanaanza?" Akumu aliuliza.

Watatu hao walitazamana.

"Yanaanza vipi?" Bi Mwanaharusi aliuliza.

"Yana mpangilio. La kwanza mpaka la kumi na mbili. Nani aliandika manne ya mwanzo?"

"Kila mtu ana la kwanza mpaka la nne lake," alisema Teodora. "Siku ile kulikuwa na kelele, gari limekuja kupakia..."

"Kufuli haina ya kwanza, afande," Bi Mwanaharusi alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilishuka. "Unaanza na yoyote. Hatukudhani."

Minong'ono ilipita ghalani. Mtu mmoja akasema basi imekwisha, mwingine akaanza kulia kabla hata hajaambiwa. Akumu alichukua kalamu ya Teodora na kuandika juu ya gunia la karatasi. Watu watatu. Wa kwanza anaweza kuwa yeyote kati ya watatu, wa pili yeyote kati ya wawili waliobaki, wa mwisho hana uchaguzi.

"Ni njia sita tu," alisema. "Mpangilio mbaya, simu inakataa, hakuna hasara. Tutajaribu zote. Justa anza, mwenyekiti, kisha Teodora. Wengine wote tugeuke."

Wanawake wakageuka kuelekea mabati, na Akumu na Koplo Queen wakageuka pamoja nao. Kila mtunza ufunguo alikwenda sandukuni peke yake, akaandika manne yake taratibu, herufi kwa herufi, akarudi. Bi Mwanaharusi alichukua dakika sita. Alisikika akiitukana simu.

Ilikataa.

Justa, Teodora, mwenyekiti. Ikakataa. Mwenyekiti, Justa, Teodora. Ikakataa. Princess alishtuka usingizini akaanza kulia. Justa akawa anaandika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukimpigapiga mtoto mgongoni.

"Ya nne," Akumu alisema akiwa ametazama ukuta. "Mwenyekiti, Teodora, Justa."

Hatua zilikwenda, zikarudi. Zikaenda, zikarudi. Za mwisho zilikwenda na hazikurudi.

"Afande," alisema Justa. "Haijakataa."

Waligeuka wote. Kiduara kilikuwa kinazunguka kwenye kioo, mtandao wa Mwaloni ukiwa mzito kama kawaida yake saa za jioni. Hakuna aliyesogea. Kiduara kikasimama, na namba ikatokea: sifuri nukta moja tano tisa tisa.

Kelele zilianza, Akumu akainua mkono. "Bado."

Alifungua orodha ya anwani za pochi, akaweka kando yake karatasi aliyonakili asubuhi kwenye daftari la mtandaoni. Akamwita Teodora ashuhudie. Wakasoma herufi moja moja, Akumu kwenye simu, Teodora kwenye karatasi, zote arobaini na mbili. Hakuna iliyopishana.

"Ni ya kikundi," Akumu alisema. "Haijawahi kutoka kwenye kikundi hata sekunde moja."

Sasa aliwaacha wapige kelele. Yeye aliandika: saa kumi na dakika ishirini na tano, mashahidi kumi na wanne, mpangilio wa nne. Simu ikazimwa, ikafungiwa sandukuni kwa kufuli zote tatu. Faisal, aliyekuwa amekaa nje karibu na mizani, aliambiwa Jumamosi aje kikaoni aieleze laptopu mifuko yote, bure, na alete shilingi mia mbili.

Kituoni, saa kumi na moja na nusu, Bi Mwanaharusi alisimama kaunta akasaini kuondoa malalamiko. Alisaini mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kalamu haikuandika. Afande Paulo alisoma maelezo, akagonga muhuri, akasema neno moja tu: "Chenji." Akarudi chumbani kwake.

Koplo Queen alimrudishia Justa vitu vyake: mkanda, pochi, pete, shilingi elfu tatu na mia tano, mfuko wa nepi. Justa alihesabu, akatia sahihi.

Bi Mwanaharusi alikuwa anasubiri mlangoni, mtandio umemlegea shingoni. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe nikushikie mtoto, mwanangu. Umechoka."

Mtoto alikuwa amelala, shavu limemlalia Justa begani. Akumu, aliyekuwa anavaa saa yake, aliacha kuifunga.

Justa hakumpa mtoto. Alimpa mfuko wa nepi.

Bi Mwanaharusi aliupokea kwa mikono miwili, akautia kwapani, akamfuata nyuma kuteremka ngazi.